Soma Jeraha Kabla ya Kumtafuta Mdudu

Mzee mmoja wa Mapinga alinizungusha nyuma ya nyumba yake anionyeshe minazi sita aliyoipanda alipohamia pale. Miwili ilikuwa imekufa kilele. Mitatu ilikuwa na makuti yaliyokatwa pembetatu pembetatu, kana kwamba mtu amepita na mkasi. "Mwanangu, mchwa wamenimaliza," akasema, akinionyesha njia nyembamba za udongo zilizopanda kwenye shina la mnazi mmoja uliokwisha kufa. Kisha akaelekeza kidole kwenye mwembe wa kivuli uliokuwa kando, ambako majani yalikuwa yameshonwa pamoja yakawa viota kama mipira. "Na hao majimoto nao wananila hai. Leo wote nawapiga dawa." Bomba lilikuwa limeshajazwa, limeegemezwa ukutani.

Washitakiwa wake wote wawili hawakuwa na kosa. Mchwa walikuja baada ya msiba, na majimoto walikuwa walinzi. Aliyeua minazi ile hakuwa ameonekana na mtu yeyote pale, kwa sababu kazi yake huifanya usiku. Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama miti ya barabara nzima ya Bagamoyo, kuanzia Tegeta na Bunju, kupitia Mapinga, Kerege na Zinga hadi mjini kwenyewe, na bustani baada ya bustani nimekuta kesi ya namna hiyo hiyo: mdudu anayeonekana ndiye anayehukumiwa. Swali la kwanza huwa "dawa gani?", la pili "mdudu gani?", na la tatu, ambalo ndilo lilipaswa kutangulia, haliulizwi: mti umeumia wapi, umeumia vipi, na tangu lini?

Kinachofanya jambo hili liwe zito ni namna pwani yetu inavyobadilika. Viwanja vingi kaskazini ya Dar es Salaam vilikuwa mashamba ya minazi na mikorosho. Leo vimekuwa nyumba, hoteli na shule, na kila mwenye ukuta anapanda miti ya kivuli na mapambo: mnazi wa kitamli karibu na geti, miashoki kuzunguka uzio, mkrismasi wa kuchanua mwekundu mwisho wa mwaka, mkungu wa kukalia chini yake jioni. Mkulima wa korosho anajua ni lini ubwiriunga unaingia na ni lini apulize salfa, kwa kuwa mti wake ni mfuko wake. Mti wa mapambo hauna bwana shamba. Hakuna anayeutazama kwa jicho la kuuliza mpaka siku umenyauka, na siku hiyo ushahidi mwingi umeshapotea.

Ushahidi wenyewe si mgumu kuusoma. Wadudu wanaokula miti huacha alama kulingana na midomo yao. Wenye meno ya kutafuna, kama viwavi, mende na senene, huondoa kipande cha mti: tundu kwenye jani, ukingo uliong'atwa, ganda lililochunwa, shina lililotobolewa. Wenye mrija wa kufyonza, kama vidukari, vidung'ata, wadudu magamba, nzi weupe na kunguni wa mimea, hawaondoi kitu. Jani linabaki zima, lakini linajikunja, linapauka kwa madoa, linanata, au linavishwa weusi. Kundi la tatu huingia ndani ya mti wenyewe na kuulazimisha uwajengee nyumba, yaani vipele na vifundo juu ya jani na chipukizi. Ukiona jani la mkungu limetoboka, usipoteze muda kutafuta vidukari. Ukiona jani la mwembe ni zima ila limekuwa jeusi kama sufuria ya kuni, usitafute kiwavi. Hatua hiyo moja, ambayo haihitaji darubini wala shahada, inaondoa nusu ya makosa.

Mnazi unastahili kuzungumzwa zaidi, kwa kuwa ndio mti unaotambulisha pwani hii na ndio unaopandwa upya kila siku. Kuti huanza maisha likiwa limekunjwa kama upanga ndani ya kilele. Chonga, mende mkubwa mweusi mwenye pembe kichwani, ambaye wataalamu humwita Oryctes monoceros, hutua usiku kwenye kwapa la kuti changa na kuchimba kuelekea moyo wa mnazi. Majani hayali. Anatafuna nyuzi laini ili apate utomvu wake, na zile nyuzi zilizotafunwa husukumwa nje zikaning'inia kwenye mdomo wa tundu kama katani mbichi. Sasa, anapopenya kuti ambalo bado limekunjwa, tundu moja hupita kwenye vijani vingi vilivyolaliana. Wiki au miezi baadaye kuti linachanua, na lile tundu moja linakuwa safu ya mikato ya pembetatu pande zote mbili za upongoo. Mikato aliyonionyesha mzee wa Mapinga ilikuwa basi ni habari ya zamani, kama barua iliyochelewa njiani. Chonga aliyeikata alikuwa amekwisha kuondoka kitambo, na dawa ya kupuliza kwenye makuti yaliyofunguka isingemkuta.

Mnazi mkubwa huvumilia mikato hiyo. Mnazi mchanga, chonga akifika kwenye kilele chenyewe, umekwisha, maana mnazi una kilele kimoja tu na hauchipui pembeni kama mwembe. Wakati mwingine jeraha lake linafungulia mlango mwingine: fukusi wa michikichi, Rhynchophorus phoenicis, hupenda kutaga penye kidonda kibichi, na mabuu yake hula ndani ya shina bila kuonekana. Huyo hutambulika kwa pua na sikio kabla ya jicho. Shina linanuka uchachu, na ukiweka sikio kwenye ganda wakati wa utulivu waweza kusikia mabuu yakitafuna. Ndugu yake wa Asia, fukusi mwekundu, aliingia nchi za Ghuba katikati ya miaka ya 1980, akafika Oman mwaka 1993, na mpaka leo wenye mitende kule wanapambana naye. Kila anayeagiza michikichi au mitende mikubwa ya mapambo kutoka nje, iwe imebebwa na udongo wake, anapaswa kujua habari hiyo kabla ya kulipa.

Lakini jambo la chonga ambalo ningependa kila fundi wa bustani alijue ni hili: hatagi kwenye mnazi ulio hai. Mayai huyaweka kwenye magogo yanayooza, kwenye lundo la samadi, kwenye takataka za majani, kwenye maranda ya mbao. Humo buu mweupe mwenye kichwa cha kahawia, mnene kama kidole gumba, aliyejikunja kama ndoana, hukua kwa miezi kadhaa kabla ya kutoka akiwa mende. Mnazi ni mahali pa kula, lundo ni mahali pa kulelea watoto. Ukipiga mnazi dawa ukaacha lundo, umefukuza mgeni mezani ukaacha nyumba yake imejaa.

Na bustani zetu mpya ni viwanda vya malezi hayo. Lori la samadi humwagwa pembeni ya uzio, hutumika nusu, nusu nyingine hukaa pale misimu miwili. Minazi mizee iliyokatwa kupisha msingi wa nyumba hulazwa kando na kuachwa ioze. Kuna pia ile iliyouawa na ugonjwa wa kunyong'onyea, maradhi yanayosababishwa na vimelea vidogo sana viitwavyo fitoplazma, ambayo yameila pwani ya Tanzania kwa miongo mingi. Ugonjwa huo una mpangilio wake: nazi huanguka za rika zote, makarara yanatoka yakiwa yameungua weusi, makuti yanakuwa ya manjano kuanzia ya chini, kisha kilele kizima kinadondoka na kubaki shina tupu kama nguzo ya simu. Hauna tundu wala mkato wala katani. Watafiti wa Mikocheni, kituo kilichokua pamoja na mradi wa taifa wa kuendeleza minazi na ambacho leo kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wamekuwa wakipima aina za minazi dhidi yake, ikiwa ni pamoja na katika shamba lao la Chambezi, Bagamoyo, na wanaoshukiwa kuusambaza ni wadudu wadogo warukao wanaofyonza makuti. Kwa mtunza bustani somo ni moja: nguzo hizo zikiachwa zisimame zikaoza, chonga huhamia humo. Msiba wa kwanza unazaa wa pili, na mwenye nyumba akiona mabuu ndani ya gogo huamini kuwa ndiyo yaliyoua mnazi.

Mwaka 1963 mtafiti wa Kijerumani, Alois Huger, aligundua huko Malaysia kirusi kinachowaua chonga wa Asia. Kilisambazwa visiwa vya Pasifiki kwa mafanikio makubwa, na miaka ya 1980 kilijaribiwa Tanzania pia dhidi ya chonga wetu. Nalitaja kwa sababu watu huuliza kama sayansi haina jibu. Ina majibu. Ila la kwanza bado ni koleo: kufukua lundo, kupasua na kuchoma magogo, na kumtoa mende tunduni kwa waya wenye ndoana, kazi ambayo wakwezi waliifanya kabla ya bomba lolote kuuzwa madukani.

Wakwezi na wagema, kwa kweli, ndio wataalamu ambao hatuwaulizi. Wao hukifikia kilele mara kwa mara, nasi tunakitazama kutoka chini. Mgema anayepanda asubuhi na jioni kuchukua tembo huona tundu likiwa bichi. Ukiwa na minazi mirefu kwenye uwanja wako, muulize anayeipanda kabla ya kumwita mwenye bomba.

Sasa tuwageukie majimoto, ambao nawatetea bila kusita. Kiswahili kimezipa nazi majina kwa rika zake: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Mnazi huangusha vidaka vyake vingi kwa hiari yake, na hilo si ugonjwa. Lakini katika miaka ya 1950 huko Zanzibar mtafiti Mwingereza, M. J. Way, alionyesha kwamba kuna kuanguka kwingine, kunakoletwa na kunguni wa mimea mwenye rangi ya kahawia ambaye leo hubeba jina lake, Pseudotheraptus wayi. Anachoma kidaka kwa mrija wake, anatema sumu ndani, na kidaka kinaanguka. Kile kinachosalimika hukua na kovu lenye gundi lililoganda, na nazi inakuwa imepinda au ndogo. Wanaotosha kuharibu ni wachache mno, wadudu wanaohesabika kwa vidole juu ya mnazi mzima. Ndiyo sababu wakulima waliishi naye miaka mingi bila kumjua. Hushambulia pia mikorosho, miembe na mipera. Kumtambua, basi, si suala la kumwona. Okota vidaka vilivyoanguka, chuna vifuniko vyake, tazama kama kuna alama ya kuchomwa iliyozama na kulia gundi. Kama hakuna, mnazi umepunguza mzigo wake wenyewe.

Way aliona jambo la pili ambalo ndilo kubwa zaidi: minazi iliyokaliwa na majimoto, Oecophylla longinoda, haikuwa na tatizo hilo. Chungu hawa wekundu, wanaoshona majani kwa nyuzi zinazotoka kwa watoto wao wenyewe, huwinda mchana kutwa na kumfukuza kila anayetua kwenye kole. Palipotawaliwa na chungu wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, wanaojenga kwenye udongo chini ya mti na kuwazuia majimoto wasipande, vidaka vilidondoka. Watafiti wa Mikocheni waliendeleza kazi hiyo bara. Njia zake ni za mikono: kuunganisha mti na mti kwa kamba ili majimoto wapite juu bila kugusa ardhi, na kuwapunguza wale chungu wa chini. Wachina walikuwa wakiwatumia ndugu wa majimoto hawa kulinda michungwa zamani sana. Maandishi yanayohesabiwa kuwa ya mwaka 304 yanaeleza viota vikiuzwa sokoni.

Najua majimoto wanauma. Najua mtoto aliyepanda mwembe akashuka analia. Hoteli haiwezi kuwaacha juu ya kitanda cha kupumzikia mgeni, na ni kweli pia kwamba hufuga baadhi ya wadudu magamba kwa ajili ya utamu wao. Lakini kukata kiota kilicho juu ya njia ni jambo moja, na kuwaangamiza uwanja mzima ni jambo jingine. Aliyefanya la pili atahesabu vidaka chini kabla mwaka haujaisha, na hatajua ni kwa nini.

Miembe ya Bagamoyo ina kesi yake. Njia ya kuelekea misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, imepambwa na miembe iliyopandwa karne ya 19, na mtu akipita chini yake anaelewa kivuli ni nini. Mwembe mzee unapoanza kuvaa weusi kwenye majani watu husema umerogwa au umeungua kwa moshi wa magari. Paka kidole. Weusi ule unatoka kama masizi, na chini yake jani ni kijani. Ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu, na majimaji hayo yamedondoshwa na mfyonzaji aliye juu zaidi. Kwa hiyo usilitazame jani jeusi. Ligeuze la juu yake. Pwani ya Kenya na Tanzania mara nyingi utamkuta kidung'ata wa mwembe, Rastrococcus iceryoides, mwenye asili ya India, amejipanga chini ya jani na kwenye mashada ya maua kama unga uliomwagika. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, walimfuatilia katika nchi zote mbili na kukuta nyigu wadogo wanaomla kutoka ndani. Nyigu hao ndio wanaokufa kwanza dawa ikipulizwa, na kidung'ata, aliyefunikwa na nta yake, ndiye anayebaki.

Ukikuta badala yake duara za nta nyeupe zilizozungushwa kama alama ya kidole gumba chini ya jani la mpera, la mkungu au la mnazi, hao ni nzi weupe wa duara, waliotoka Amerika ya Kati na Karibi. Mama huyachora maduara hayo anapotaga. Hakuna mdudu mwingine wa bustani anayeacha saini iliyo wazi namna hiyo, na bado nimeshuhudia majani yake yakikatwa na kuchomwa kwa jina la "ukungu".

Kuhusu vipele nitasema kwa ufupi zaidi, isipokuwa mti mmoja. Mvule mchanga huvimba chipukizi, vifundo vya kijani vinapasuka na kuoza, kazi ya mdudu mdogo arukaye wa jamii ya Phytolyma. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya mvule uwe mgumu kupandwa kwa wingi. Mkaratusi huvimba kwenye uti wa jani, alama ya nyigu Leptocybe invasa aliyeonekana Kenya mwaka 2002 na Tanzania mwaka 2005. Mlusina hauvimbi, bali ncha zake hukauka zikiwa zimejaa vidudu warukao waliofika pwani yetu mwaka 1992.

Mti ninaotaka kuutaja ni mwamba-ngoma, wenye miiba na maua mekundu yanayotangulia majani. Aina yake moja ya pwani, Erythrina sacleuxii, imebeba jina la padre Charles Sacleux, yule yule aliyetunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa na ambaye aliishi huku pwani mwishoni mwa karne ya 19 akikusanya maneno na mimea kwa pamoja. Majani ya miti ya jamii hii huota vipele, vichache, na hakuna aliyejali. Kisha mwaka 2005 nyigu mdogo anayevisababisha, Quadrastichus erythrinae, akaingia Hawaii. Aliua miti kwa maelfu, pamoja na wiliwili, mti wa asili wa visiwa vile. Watafiti wakauliza: huko alikotoka mbona hauui? Walimfuatilia hadi Afrika Mashariki, na Tanzania wakamkuta nyigu mwingine, Eurytoma erythrinae, ambaye watoto wake hula watoto wa yule wa kwanza ndani ya kipele. Mwaka 2008 aliachiliwa Hawaii, na wiliwili ikaanza kuchipua tena. Mlinzi alikuwa hapa kwetu siku zote, ndani ya vipele ambavyo mtu mwenye bomba angevipuliza bila kufikiri.

Niwarudie mchwa, kwa sababu hakuna mdudu anayesingiziwa kuliko wao. Mchwa wengi hula vilivyokufa. Ganda la nje la mwembe, la mkorosho au la mjohoro ni gome lililokauka, na wao hupanda juu yake wakijifunika udongo, wanakula gome hilo, wanaondoka mvua zikija. Jaribio ni la dakika moja: pangusa udongo, kwaruza ganda kwa ukucha au kisu. Chini yake pakiwa kijani na penye unyevu, mti uko salama. Pakiwa pakavu na pa kahawia, mti ulikuwa umekufa sehemu hiyo kabla yao, na kazi yako ni kutafuta aliyeiua. Ubaya wa kweli wa mchwa ni kwa miche michanga iliyopandwa kiangazi bila maji ya kutosha. Hiyo huikata mizizi wakaimaliza usiku mmoja. Hata hapo, kiu ilitangulia.

Vipekecha wa shina wanahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Unga mkavu unaomwagika kutoka tawi lililokufa ni wa wale wanaokula mbao tu. Unga wenye unyevu, uliochanganyika na utomvu, ukitoka kwenye tundu la shina lililo hai, ndio wa kukutia hofu. Katika Ghuba ya Gazi huko Kenya, mililana mikubwa ya mikoko imekauka matawi ya juu kwa sababu ya mabuu ya nondo na ya mende wanaotoboa namna hiyo. Na huko Afrika Kusini mwaka 2017 alitambuliwa kipekecha wa Asia, Euwallacea fornicatus, mdogo kuliko punje ya ufuta, anayepanda kuvu ndani ya mti na kuua miti ya barabarani mijini. Tundu lake ni dogo kama ncha ya kalamu ya wino, na kuzunguka tundu ganda hulia au huota doa. Yeyote atakayeona hayo kwenye mti wa kivuli asinyamaze.

Kisha kuna kesi zisizo na mdudu kabisa. Mkungu hugeuza majani mekundu na kuyapukutisha, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Hiyo ni tabia yake, na nimewahi kuona ukipigwa dawa kwa hilo. Mbuyu hukaa uchi miezi mingi. Chumvi ya upepo huunguza majani upande unaotazama bahari tu, na wadudu hawachagui upande. Radi huua minazi kadhaa iliyo karibu kwa siku moja, makuti yakaning'inia yamevunjika. Na siku hizi muuaji mkubwa wa miti mizee ya kivuli ni mwenye nyumba mwenyewe: amekata mizizi kuchimba msingi, amezungushia shina matofali ya pevingi mpaka maji hayaingii, amelundika kifusi cha nusu mita juu ya mizizi. Mti unaanza kufa kwa juu baada ya mwaka au miwili, vipekecha wanausikia udhaifu wake wanakuja, na bili inapelekwa kwa wadudu. Sifahamu dawa ya dukani inayotibu kifusi.

Ukishasoma jeraha na bado hujui, usikisie. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu yenye makao makuu Arusha, na ndiyo yenye jukumu la wadudu wageni. Minazi ina watu wake TARI Mikocheni, miti ya misitu ina TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu yenye makao makuu Morogoro. Lakini ofisi haiwezi kutambua picha ya mti mzima iliyopigwa kutoka barabarani. Piga ya karibu, ya chini ya jani, ya mdomo wa tundu. Jani lifunge kwenye karatasi, si mfuko wa nailoni, maana litaoza. Mdudu mtie kwenye chupa ndogo yenye spiriti. Andika jina la mti kama mnavyouita hapo mlipo, tarehe, msimu, na kama jirani ana dalili hizo hizo. Jirani ni muhimu: jeraha lililo kwenye uwanja mmoja tu kwa kawaida limeletwa na mwenye uwanja, na lililo kwenye mtaa mzima limekuja lenyewe.

Kule Mapinga tulikubaliana bomba lisubiri. Nilimwomba mzee anionyeshe alikoweka samadi, akanipeleka nyuma ya banda, kwenye lundo lililokuwa limeota majani juu, lililoletwa na lori mwaka aliopanda ile minazi. Kijana wake alichoma koleo mara moja na kugeuza. Walikuwa wanne kwenye koleo la kwanza, weupe, wamejikunja. Kwenye la pili saba. Mzee alivuta kigoda akaketi, akaanza kuhesabu kwa sauti, na kuku wa jirani, ambao hakuna aliyewaita, walikuwa wameshavuka uzio.